Simbilisi nyumbani (3): Madume wawili katika boksi la sabuni

Wiki mbili zilizopita redio ilimalizia taarifa ya habari kwa kile kipande cha kuchekesha wanachotuwekea mtu akiwa ameshaanza kunyanyuka kitini: eti Uswisi ni marufuku kumfuga simbilisi mmoja peke yake. Mtangazaji alicheka. Mimi sikucheka, na mjukuu wangu akapunguza sauti ya redio, maana anajua kinachofuata.

Sheria yenyewe wala si mpya. Ilianza kutumika Septemba 2008, na inataka mnyama mwenye asili ya kuishi na wenzake asinyimwe wenzake. Simbilisi wawe wawili au zaidi. Hapo pana mtego. Wakiwa wawili, mmoja akafa, aliyebaki unamnunulia kijana. Mzee naye akifa, kijana anabaki mpweke, unanunua tena, na kamba haiishi. Ndiyo maana akatokea mama mmoja hukohuko Uswisi akaanza kukodisha simbilisi: unamchukua wa kumliwaza mjane wako, mjane akienda zake unamrudisha. Mwenye kucheka na acheke. Mimi naona huo ni utu.

Ila barua nilizopata baada ya sehemu ya pili zinalalamika kinyume. “Mwalimu, ulituambia tusimfuge mmoja. Nimeweka madume wawili, sasa wanararuana.” Nitajibu. Kwanza mniwie radhi niseme neno kuhusu Waswisi, kwa sababu sheria ile haikuangukia nchi ngeni kwa mnyama huyu.

Mtu wa kwanza Ulaya kumweleza simbilisi kitabuni alikuwa Mswisi: Conrad Gessner, tabibu wa Zürich, mwaka 1554. Mhispania Pizarro alikuwa ameingia Cajamarca, katika nchi ya Wainka, mwaka 1532, yaani miaka 22 tu nyuma yake, na tayari kiumbe huyu wa jikoni kwa Wainka alikuwa amevuka bahari na kufika mezani kwa msomi wa Zürich. Gessner alifariki kwa tauni mwaka 1565. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 1838, Mswisi mwingine, Johann Jakob von Tschudi, kijana wa karibu miaka 20 kutoka Glarus, akafunga safari kwenda Peru na kuzunguka milima ya Andes kwa miaka kadhaa. Leo simbilisi mwitu wa milima ile, ambaye wataalamu wanamhesabu kuwa babu wa hawa wetu, anaitwa kwa jina lake: Cavia tschudii. Kwa hiyo Waswisi walimwandika mapema, babu yake akapewa jina la mtu wao, na mwisho wakamtungia sheria. Sisi tunaomfuga Njombe, Iringa na Mbeya, na jirani zetu wa Kivu, hata jina lake tunalichanganya na la pimbi, mnyama wa majabali asiye na undugu naye.

Huyo babu wa porini ana funzo. Madume wakubwa wa simbilisi mwitu hawavumiliani. Mmoja lazima aondoke. Wanadamu wa Andes walikaa na mnyama huyu maelfu ya miaka, na katika kukaa huko ukali ukapungua. Ukapungua, sikusema ukaisha. Mjerumani Norbert Sachser, mtaalamu wa tabia za wanyama, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatazama, na mwaka 1991 yeye na mwenzake walionyesha jambo ambalo bibi yeyote angeweza kuwaambia. Dume aliyekulia katika kundi lenye wakubwa, ukimhamishia kundi la wageni, anatulia, anasoma nani ni nani, anasubiri zamu yake. Aliyelelewa peke yake akipelekwa hukohuko anapigana hovyo, anakonda, na damu yake inajaa homoni za mfadhaiko. Hakufundishwa adabu, kwa hiyo hana. Nimefundisha wavulana miaka 31. Niliposoma habari hiyo sikushangaa hata kidogo.

Tena angalieni jiko la kijijini, ambako watoto huwaachia simbilisi wao watembee chini kando ya mafiga. Dume mdogo akichokoza, mkubwa anamfukuza hadi nyuma ya rundo la kuni, basi, yameisha. Aliyeshindwa ana pa kwenda. Mjini tunanunua madume wawili sokoni, hawajuani, tunawatia katika boksi la sabuni, halafu tunasema wana roho mbaya.

Boksi kama hilo lilikuwa barazani kwangu. Mjukuu alikuja mbio: “Babu, wanauana!” Nikainama. Mweusi alikuwa akizunguka polepole, nyonga zikiyumba huku na huku, akinguruma kama pikipiki ya mbali. Yule wa kahawia alijibana pembeni, manyoya ya shingo yamesimama, meno yakigongana tetetete. Hawakuwa wakiuana bado. Mngurumo na mwendo ule ni majigambo, hata kupandiana mgongoni ni kuulizana nani mkubwa, hayo waachie. Meno yakigongana mfululizo, vichwa vikiinuliwa juu na midomo kufunuliwa, anza kujiandaa. Wakishikana wakabiringika, watenganishe kwa taulo nene au kipande cha ubao. Mjukuu alitumia mkono, na kidole kile tulikifunga bandeji siku nne.

Nafasi ya gazeti inaniishia, kwa hiyo kwa ufupi. Madume wakae wawili, si watatu, na afadhali mmoja mzima na mmoja mdogo kuliko rika moja. Wakutanishwe mahali ambapo hakuna aliyewahi kupazoea, nyasi zikiwa nyingi. Kila kitu kiwe mara mbili: chupa za maji, marundo ya nyasi, vibanda vya kujificha, na kila kibanda kiwe na milango miwili, maana chenye mlango mmoja ni gereza la mnyonge. Majike wasiwe karibu, harufu yao tu inatosha kuwasha moto. Umri wa miezi mitatu hadi mwaka na kidogo ndio wa vurugu; vumilia. Damu ikitoka, watenge kabisa, lakini kwa wavu, waonane na kusikiana.

Kuhasi hakumalizi ugomvi wa madume, ingawa aliyehasiwa anaweza kuishi na majike. Hilo nitalieleza toleo lijalo. Wewe uliye na madume wawili ndani ya boksi la sabuni usilingoje, watoe leo.