Siki ina kazi nyingi nyumbani, lakini iweke mbali na Jik

Katika nyumba nyingi za mjini, chupa ya siki hukaa nyuma ya kopo la chumvi na kukumbukwa siku ya kachumbari peke yake. Hata hivyo, siki inaweza kukupunguzia gharama ya dawa za usafi ambazo bei yake hupanda kila kukicha. Muhimu ni kujua inavyofanya kazi, kwani anayedhani siki ni dawa ya kila kitu anaweza kuharibu sakafu yake, meno yake au hata mapafu yake.

Siki ni asidi hafifu. Hupatikana kinywaji chenye pombe kinapoachwa wazi, bakteria wakatumia hewa kuigeuza pombe hiyo kuwa asidi ya asetiki. Wakazi wa Pwani wanalifahamu jambo hili: tembo la mnazi likikaa siku kadhaa huchacha na kuwa siki. Ile ya dukani kwa kawaida huwa na asidi ya kiasi cha asilimia 4 au 5, na karibu yote iliyobaki ni maji. Baadhi ya chupa za bei nafuu ni asidi ya kiwandani iliyoongezwa maji na rangi. Kwa kusafisha inatosha kabisa, lakini kwa achari soma kibandiko ujue unachokula.

Kazi ambayo siki huishinda sabuni ni kuondoa ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni chokaa inayobaki maji magumu yanapochemshwa, na wanaotumia maji ya visima wanaujua sana, hasa Mombasa ambako ardhi ni ya mawe ya matumbawe. Tia siki na maji kwa vipimo sawa hadi ukoko ufunikwe, chemsha, kisha acha kwa nusu saa. Utaona mapovu: hiyo ni asidi ikila chokaa. Mwaga, suuza mara mbili tatu, halafu chemsha maji matupu na kuyamwaga kabla ya kupika chai. Kichwa cha bomba la bafu kilichoziba pia huzibuka kikilowekwa. Kama ni kile kinachopasha maji kwa umeme, zima swichi kuu kwanza, na uloweke kifuniko chenye matundu peke yake.

Lakini asidi inayokula chokaa ya birika hula pia sakafu ya terazo na marumaru. Usiimwage huko. Aidha, usiache achari au nyama yenye siki katika sufuria ya alumini. Tumia bakuli la kioo au la plastiki.

Harufu ya samaki inayong'ang'ania mikononi na kwenye ubao wa kukatia hupungua ukivipangusa kwa siki. Nyama ngumu nayo hulainika ikikaa saa moja au mbili katika vijiko viwili vya siki kwa kila kilo. Na vioo vya dirisha? Nusu kikombe cha siki katika lita moja ya maji, kisha pangusa kwa gazeti kuukuu (hili ukishalisoma, bila shaka).

Je, siki huua viini? Baadhi, si vyote. Kunyunyizia kachumbari siki hakuchukui mahali pa kuosha mboga kwa maji safi, wala siki haiyafanyi maji ya mtungi kuwa salama. Dhidi ya kipindupindu, kama kile kilichozuka nchini mwishoni mwa mwaka 2022, kinga ni maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Klorini hiyo ndiyo iliyomo pia katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi wetu huiita Jik hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Mtu husafisha choo kwa dawa hiyo, akaona madoa hayatoki, akaongeza siki akidhani nguvu zitaungana. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Chooni hutoka kidogo, lakini vyoo vingi vya nyumba za kupanga havina dirisha la maana. Macho huwasha, kifua hubana na kikohozi huanza. Mwenye pumu huumia zaidi. Ikitokea, usibaki ukimwagia maji. Toka, watoe watoto, na uache milango wazi. Anayepumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja. Ukishatumia moja ya dawa hizo mbili, suuza kwa maji mengi na uiache ya pili hadi siku nyingine.

Wako wanaokunywa siki asubuhi ili wapunguze unene. Isiyochanganywa na maji huunguza koo, na ikizoeleka hula gamba la meno. Kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kabla ya kuanza.

Akina mama wengine hujisafisha sehemu za siri kwa siki. Wacheni jambo hilo. Huwavuruga bakteria wazuri wanaoulinda uke dhidi ya maambukizi. Siki huhitajika huko katika kliniki tu. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, na baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye dosari inayoweza kuwa saratani baadaye hugeuka nyeupe. Uchunguzi huo huchukua dakika chache na hutolewa katika vituo vingi vya afya vya umma. Ukienda kliniki, uulizie.