Kuteremka nako kuna hesabu yake

Vijana wa mjini wanaojiandaa kwenda Usambara na baiskeli huniuliza jambo moja: milima ile wataiweza kuipanda? Mimi huwajibu kwamba kupanda kutawachosha tu. Cha kuogopa ni kuteremka.

Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto unapanda karibu mita 1,000, lakini hiyo ni lami. Ukiiacha lami na kushika barabara za changarawe za vijijini, mambo hubadilika. Kokoto huviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni. Ukibana breki ya mbele katikati ya kona, gurudumu linateleza nawe unakwenda chini.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kwa breki zote mbili. Ukishaingia kwenye kona, achia. Tairi liwe pana, na upepo upunguzwe kidogo ili lishike ardhi vizuri. Wenye baiskeli za breki za vyuma wajue kwamba rimu ikilowa breki hazishiki. Mvua ikinyesha, shuka ukokote.

Wala usidhani haya ni ya wanagenzi. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeendesha baiskeli kwa kulipwa, alianguka na kufariki Agosti 27, 2022, katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Milima ipo, haihami. Fika chini mzima, kesho uipande tena.