Nguvu na Kitovu: Usanifu wa Majagina na Mahasimu katika Michezo ya Video ya Fantasia

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapomchambua mhusika huuliza maswali yaliyozoeleka: ni nani, ana sifa zipi, anaendeleza maudhui gani? Msanifu wa mchezo wa video huuliza maswali hayo hayo, ila yeye ana deni moja zaidi. Mhusika wake hasomwi tu, bali huchezwa. Mchezaji humwongoza kwa vidole, humrusha, humpiganisha, na anapokabiliana na hasimu huwa na sekunde chache tu za kumtambua na kuamua la kufanya. Kwa hivyo, sifa isiyoweza kugeuzwa kuwa tendo haina faida kubwa katika mchezo. Makala haya yanaeleza jinsi majagina na mahasimu wa michezo ya fantasia wanavyosanifiwa kutokana na wazo kuu moja. Yanashikilia kuwa wazo hilo hukamilika pale tu nguvu na udhaifu wa mhusika vinapochipuka kutoka shina moja.

Wazo Kuu si Pambo

Kosa la kawaida la msanifu mchanga ni kudhani kuwa wazo kuu ni rangi na mavazi. Akitaka hasimu wa moto, humpaka wekundu na kumvika taji la miale, kisha akampa upanga ule ule walio nao wengine wote. Huyo hajawa hasimu wa moto. Amevaa moto tu. Ikiwa moto ndio wazo lake kuu, basi uonekane katika mambo yote yanayomhusu: makazi yake yawe yamekauka, mwendo wake uwe wa kuenea na kuramba, apitapo pabaki makaa yanayomzuia mchezaji kurudi nyuma, na mvua imnyong'onyeze.

Umbo nalo halina budi kusema. Wasanifu wana desturi ya kumchora mhusika kwanza akiwa kivuli cheusi kitupu, bila uso wala rangi. Kivuli hicho kikitambulika, umbo limefaulu. Kisipotambulika, hakuna pambo litakalomwokoa mhusika huyo katika pambano lenye vumbi na miale.

Mfano bora wa nidhamu hii ni Mega Man, mchezo uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1987. Ingawa ni mchezo wa bunilizi ya kisayansi, umewafunza mengi wasanifu wa fantasia. Una roboti hasimu sita, kila mmoja na wazo lake: mkasi, mawe, barafu, bomu, moto na umeme. Jagina akimshinda mmoja hutwaa silaha yake, na silaha hiyo ndiyo inayomwangusha mwingine kwa wepesi. Mkasi hukata nyaya za umeme. Umeme huipasua barafu. Barafu huuzima moto. Moto huliwasha bomu. Bomu hulivunja jiwe. Nalo jiwe huuponda mkasi. Mchezaji hahitaji kusomewa kanuni yoyote. Akilifahamu wazo la kila hasimu, ataikisia njia ya kumshinda. Hapo wazo kuu limekuwa kanuni ya mchezo.

Udhaifu katika Fasihi Simulizi

Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Fumo Liyongo, jagina wa Waswahili ambaye kisa chake kilitungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Kitovu ni alama ya kuzaliwa, ni kovu la kamba iliyomfunga mtu na mamaye. Na aliyemdunga Liyongo alikuwa mwana wa kumzaa mwenyewe. Nguvu za jagina huyo zilivuka kila ukuta, lakini hazikuvuka udugu wa damu.

Lwanda Magere wa Waluo naye alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya adui ilimgonga ikaanguka. Siri yake ilikuwa kivulini: kivuli kilipochomwa, mwili ulivuja damu. Aliyeigundua siri hiyo ni mke aliyetoka kwa maadui, alipokuwa akimuuguza. Tazama jinsi udhaifu huo ulivyo tayari kwa mchezo. Kivuli hurefuka asubuhi na jioni, hufupika adhuhuri, na hutoweka wingu likitanda. Msanifu akimweka Lwanda Magere katika mchezo, jua lenyewe litakuwa silaha, na saa ya kupigana itakuwa uamuzi wa mchezaji. Hakuna haja ya kubuni kanuni mpya. Msimulizi wa kale alikwisha kuibuni.

Jagina na Hasimu: Kisima Kimoja

Hatua inayofuata ni kuwahusisha wahusika hawa wawili. Hasimu asiyemgusa jagina moyoni ni kizuizi tu, kama gogo njiani. Mchezo wa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, unalionyesha hili. Mwanamfalme Enzo Kori-Odan anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, na anayempindua ni shemejiye, ndugu wa mkewe Erine. Nguvu za Enzo hutokana na urithi wa wahenga wake, nao usaliti hutoka katika ukoo alioingia kwa ndoa. Jamaa ndiyo nguvu yake, na jamaa hiyo hiyo ndiyo jeraha lake.

Mchezo wa Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa Aprili 2024, umeongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na chimbuko lake ni msiba wa kufiwa na baba. Zau, mganga kijana, anaafikiana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe babake. Zana zake ni barakoa mbili, ya jua na ya mwezi. Ya jua hupigana kwa karibu, ya mwezi kwa mbali, na mchezaji hulazimika kuzibadilisha. Huzuni si hotuba anayoitoa Zau. Ndiyo inayomsukuma katika kila pambano.

Tahadhari kuhusu Majina

Miongoni mwa roho hizo tatu yumo GaGorib, jina linalotoka katika masimulizi ya Wakhoikhoi. Katika masimulizi hayo, GaGorib huketi ukingoni mwa shimo na kuwachokoza wapita njia wamtupie mawe. Jiwe humrudia aliyelitupa, naye hutumbukia shimoni. Heitsi-eibib alimshinda kwa kungoja ageuze macho, kisha akampiga nyuma ya sikio. Msanifu anayelichukua jina hili pamoja na kisa chake amepata hasimu kamili: asiyeshambuliwa ana kwa ana, anayewaadhibu wenye pupa, na anayeshindwa na mwenye subira. Msanifu anayelichukua jina peke yake na kulibandika juu ya jitu lolote lenye misuli amepata sauti ngeni tu. Isitoshe, mchezaji ambaye hajawahi kukisikia kisa hicho ataamini kuwa hicho ndicho kisa chenyewe. Michezo hii huchezwa na vijana wengi, na kwa baadhi yao huenda ikawa ndiyo njia ya kwanza ya kukutana na majina ya mababu.

Hitimisho

Imebainika kuwa jagina au hasimu mwema wa mchezo wa fantasia hajengwi kwa kurundika nguvu. Msanifu huanza na wazo kuu, akaliacha litawale umbo, mandhari, silaha na mwendo, kisha akauliza: wazo hili hili litamwangushaje? Swali hilo linahitaji mtu anayezijua ngano, visasili na tendi kwa kina, wala si fundi wa kompyuta peke yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayedhani kuwa taaluma yake haina nafasi katika uwanja huu na aanze na zoezi dogo: achague jagina mmoja wa jamii yake, akitafute kitovu chake, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza jinsi mchezaji atakavyokigundua.