Kaboni ya Mwadui, kaboni ya Geita

Almasi ya Mwadui na ile kaboni nyeusi inayomwagwa kwenye matangi ya kuchenjulia dhahabu Geita ni atomu zilezile. Moja hupimwa kwa karati, nyingine hununuliwa kwa magunia. Kinachozitenganisha ni mpangilio wa atomu, na uhuru ambao mpangilio huo unazipa elektroni.

Atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje. Katika almasi zote nne zimefungwa kwa majirani wanne, hakuna inayotembea. Kuing'oa moja kunadai nishati ya elektroni-volti 5.5, silikoni ya kwenye simu yako inaridhika na 1.1. Lile jiwe la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui, mgodini kwa John Williamson, mwaka 1947, likazawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, kwa fundi umeme ni kihami tu, tena cha bei mbaya.

Kaboni ya matangini, ambayo mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi, imejaa vipande vya utando uliokunjamana, na dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi hunata humo. Kwenye utando huo kila atomu hushikana na tatu tu, zikajipanga pembe sita kama sega la nyuki. Elektroni ya nne huzurura. Utando ulionyooka wa tabaka moja la atomu ndio grafini, wenye unene wa nanomita 0.34 hivi. Mwaka 2004, kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa selotepu kutoka kwenye kinywe, madini yaleyale yaliyolala Mahenge na Ruangwa. Mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia.

Wengi wakatabiri kwamba grafini itaiua silikoni. Sikuamini, na bado siamini. Elektroni za grafini hukimbia kilomita 1,000 hivi kwa sekunde, lakini hazizimiki: penye 5.5 ya almasi, grafini ina sifuri, na transista, yaani swichi, isiyozimika haina kazi kwenye kompyuta. Ukiikata iwe kanda zenye upana usiofika nanomita 10, pengo hilo la nishati hujitokeza. Ila kingo zikiwa na mikwaruzo, elektroni hukwama.

Kwa ukanda wetu naiona kazi nyingine: kupima zebaki. Pale mwaloni, wachimbaji wadogo wanapochenjulia dhahabu kwa zebaki, mchenjuaji hukamua kitambaa, zebaki ya ziada ikadondokea karaini, akabaki na kidonge cha kijivu anachokichoma hadharani. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Grafini yote ni uso, hivyo chochote kinachoigusa hubadili mkondo wa umeme ndani yake. Mwaka 2007 watafiti wa Manchester walinasa kwa grafini molekuli za gesi mojamoja. Maabara nyingine zimeipaka kemikali zinazokamata zebaki, zikaipima zebaki hiyo majini.

Ila maji ya maabara ni safi. Ya mwaloni yana tope, chuma na mengine mengi, na grafini isiyopakwa vizuri huitikia kila kitu. Kabla sijamshauri mchimbaji mdogo anunue kipimo cha grafini, ningetaka kukiona kimezamishwa kwenye maji ya mwalo wa Nyarugusu pamoja na tope lake, kikatoa jibu lilelile mara mbili.