Umeme wa Motokaa na Mlinzi Wake

Katika barabara za Tanzania na Kenya huonekana magari mengi ya jamaa yaliyotumika kwanza Japani, kisha yakapakiwa melini na kuletwa Dar es Salaam au Mombasa. Mojawapo ni Toyota Noah, motokaa yenye safu tatu za viti, mlango wa ubavuni wa kusukuma, na mlango mkubwa wa nyuma ufunguliwao kwa kuinuliwa juu. Motokaa hizi hutufaa, kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa njia, na usukani wao uko kulia kama wetu. Lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya nchi zetu. Kwa hiyo wenye magari hutaka kubadili hili na kuongeza lile, na sehemu iguswayo sana ni umeme. Leo tutajifunza jinsi umeme huo upitavyo, jinsi ya kutafuta kasoro yake, na kwa nini mtu amdharauye mlinzi mmoja mdogo aweza kuteketeza gari zima.

Kwanza, jueni kwamba si kila kisichofanya kazi kimeharibika. Mtu hununua gari lake, akafungua redio, akapata stesheni chache tu. Hulalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Sivyo. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea mawimbi ya FM ya megahezi 76 mpaka 90, lakini stesheni zetu hutumia megahezi 88 mpaka 108. Basi redio ile husikia zile zilizo chini ya 90 tu. Dawa yake ni chombo kidogo cha kubadili mawimbi, ambacho hufungwa katika waya wa erio, au kuweka redio nyingine. Fundi mwenye akili huuliza kwanza: je, kitu hiki kiliundwa kufanya kazi ninayoitaka?

Sasa tufuate safari ya umeme. Betri ya motokaa ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Betri iliyojaa, iliyopumzika, huwa na volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, mkanda huzungusha altaneta, nayo hutoa volti kama 14, ili kuendesha taa na kuijaza betri. Umeme hutoka upande wa chanya wa betri, ukapita katika fyuzi, kisha swichi, kisha taa. Je, hurudi kwa njia gani? Hakuna haja ya waya mrefu wa pili, kwa sababu upande wa hasi wa betri umefungwa katika bodi ya gari, na chuma cha bodi ndicho njia ya kurudi. Umeme ni kama msafiri asiyekubali kuondoka nyumbani mpaka ajue kwamba ana njia ya kurudi. Njia ikikatika popote, wakati wa kwenda au wa kurudi, safari haipo, na taa haiwaki.

Mlinzi wa safari hiyo ni fyuzi. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini, ambacho huyeyuka umeme ukizidi kiasi kilichowekwa. Kiasi hicho huandikwa juu yake kwa ampea, na rangi nazo hutuambia: nyekundu ni 10, buluu ni 15, manjano ni 20, na kijani ni 30. Fyuzi hukubali kufa ili waya upone, maana waya upitishao umeme kupita nguvu zake hupata moto, ala yake ya plastiki huyeyuka, na kitambaa kilicho karibu huweza kushika moto.

Natuseme taa za nyuma za Noah zimezimika, na fyuzi yake ya ampea 10 imekatika. Mwenye gari anaweka nyingine ya ampea 10, nayo inakatika papo hapo. Hapo watu wawili hufuata njia mbili. Mjinga husema, "Fyuzi hizi ni dhaifu," akaweka ya ampea 30, au akaunganisha kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka hufurahi, kumbe amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Mwenye busara hujiuliza, "Umeme unatorokea wapi?" Huenda mahali nyaya zinapokunjwa au kusuguliwa. Katika magari ya namna hii hutazama penye bawaba za mlango wa nyuma, kwa maana nyaya zilizo ndani ya mpira ule hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka ala zake hupasuka. Shaba iliyo wazi ikigusa bodi, umeme hupata njia ya mkato ya kurudi, bila kupita katika taa. Mafundi huita jambo hilo shoti. Waya huo hukatwa palipoharibika, ukaungwa kwa mwingine wa unene uleule, ukalehemiwa na kufungwa vema. Kisha fyuzi ya ampea 10 hurudishwa.

Lakini ikiwa taa haiwaki, na fyuzi na balbu ni nzima, fundi hutumia taa ndogo ya kupimia. Mkia wake huufunga katika chuma safi cha bodi, na ncha yake huigusisha njiani, hatua kwa hatua: kwenye fyuzi, kwenye swichi, kwenye taa. Kasoro iko kati ya mahali pa mwisho ilipowaka na mahali pa kwanza ilipokataa. Ikiwaka mpaka kwenye balbu, basi njia ya kurudi ndiyo mbovu, na mara nyingi ni kutu tu.

Je, mtu akitaka kuongeza taa mbili za ukungu, kila moja ya wati 55? Hesabu ni rahisi. Wati 110 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 9 na kidogo. Mzigo huo usitwikwe waya wa taa za zamani, ambao tayari una mzigo wake. Sharti taa mpya ziwe na waya wao mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yao ya ampea 15 karibu kabisa na betri, kwa kuwa sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Tena huwekwa rilei, yaani swichi ivutwayo kwa sumaku, ili umeme mdogo wa swichi ya dashibodi ufungulie njia umeme mkubwa.

Fundi aanzapo kazi hufungua kwanza upande wa hasi wa betri. Akianza na chanya, na spana yake ikagusa bodi, cheche kali hutoka. Tena haingizi taa ya kupimia katika nyaya za manjano za mifuko ya hewa, na katika magari yatumiayo petroli na umeme pamoja hagusi nyaya za rangi ya machungwa, ambazo zina mamia ya volti, ila kama amefundishwa kazi hiyo. Ninyi msijaribu mambo haya peke yenu. Tazameni fundi akifanya, mkamwulize sababu.

Katika Noah hukaa baba, mama, nyanya na watoto, na watoto huketi nyuma kabisa, mbali na milango ya mbele. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo, lakini ndiyo iwalindayo wote hao wasafiripo usiku. Ikikatika inatupa habari. Basi tuitafute sababu, wala tusimnyamazishe mlinzi.

Maswali
1. Kwa nini taa moja hutosheka kwa waya mmoja tu kutoka kwenye betri?
2. Fyuzi mpya ikikatika mara moja, tunajua nini?
3. Taa nne za wati 60 hutumia ampea ngapi kwa volti 12? Je, fyuzi ya buluu yafaa?