Mkono mfupi wa gia si dawa ya giaboksi mbovu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikizungumza juu ya mashairi, arusi za kwetu na majina ya leso. Leo nataka kuzungumza juu ya mkono wa gia, na asishangae mtu. Jambo hili limeingia barazani kwetu kama mpira ulivyoingia, na vijana hulizungumza kwa mapenzi yale yale ambayo babu zao waliyatia katika kusifu jahazi lenye mbio. Kitu kinachopendwa hivyo kina haki ya kuandikwa hapa, hata kikiwa kimejaa grisi.

Kwanza tufahamiane juu ya gari lenyewe. Magari mengi yanayoteremshwa Kilindini siku hizi kutoka Japani hujibadilishia gia yenyewe. Dereva huweka mkono mahali pamoja akasahau. Na sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8. Kwa hivyo kijana anayependa gia za mkono hutafuta gari ambalo limo humu nchini tangu zamani, na aghalabu linalomvutia ni ile Toyota Corolla ya miaka ya 1980 inayoitwa DX. Injini iko mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, na mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe, hauna kamba wala fito ndefu za kupokezana katikati. Ni gari lisilomficha fundi kitu.

Mpwa wangu analo moja, aliloachiwa na marehemu babake. Kwa gari hilo hupeleka nguo za jumla Mariakani na Voi, na mamake hulitumia kwenda Kongowea kununua vitu vya duka. Nyumba yao inakula kwa gari hilo. Mwaka jana mkono wake wa gia ulianza kuyumba kama mwiko ndani ya sufuria ya uji, na gia ya 2 ikawa haiingii illa kwa kelele ya kusaga. Kijana akasikia habari za mkono mfupi, akaanza kuweka fedha.

"Mjomba," alinambia, "nikiutia ule, gia zitaingia kama kisu ndani ya halua."

Mimi si fundi, bali kuuliza sioni haya. Nikamchukua mpwa wangu tukaenda kwa mzee mmoja huko Majengo, aliyeanza kushika spana kabla sijaanza kushika kalamu. Alituacha tueleze mpaka tukamaliza, kisha akamwelekea kijana. "Mwanangu, wataka kufupisha mkono, au wataka kutengeneza gari? Hayo ni mambo mawili."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu vijana wengi huyachanganya mambo hayo mawili, na wanaowauzia vyuma hawana haraka ya kuwatenganishia.

Mkono wa gia ni wenzo. Chini ya kirungu tunachokishika kuna shina la chuma, na shina hilo limepita kwenye tufe linalokaa ndani ya kikombe chake. Tufe hilo ndilo egemeo. Sehemu iliyo juu ya egemeo ni ndefu, nayo huenda na mkono wetu. Iliyo chini ni fupi, nayo husukuma vyuma vinavyochagua gia. Ukisukuma kirungu mbele, ncha ya chini hurudi nyuma. Mtu wa pwani hana haja ya kitabu ili alielewe jambo hili. Nahodha anajua kwamba kana ikiwa ndefu, usukani ni mwepesi lakini itambidi aisukume mbali. Ikikatwa, usukani utageuka kwa mwendo mdogo, na mabega yatasimulia usiku. Mvuvi naye anajua tofauti ya kasia linapofungwa kishwara karibu na linapofungwa mbali. Waarabu wa kale waliiita elimu ya vyombo vya namna hii *hiyal*, na wana wa Musa walitunga kitabu chake huko Baghdad katika karne ya 9. Sisi tumelirithi neno lile likiwa *hila*, tukalibakisha na maana ya ujanja tu. Naona tumejipunja.

Sasa tufanye hesabu, na hii ni ya mfano, si kipimo cha DX. Tuseme sehemu ya juu ni milimita 300 na ya chini ni 50. Kila milimita 1 ya chini ni 6 za juu. Ikiwa gia yahitaji ncha ya chini isogee milimita 10, kirungu kitasogea 60. Kata sehemu ya juu ibaki 250, na mwendo wa kirungu utakuwa 50. Ama iache ya juu vile vile, urefushe ya chini ifike 60. Jawabu ni ile ile 50. Hiyo ndiyo siri yote ya mkono mfupi, na ndiyo maana hufanywa kwa njia mbili: kupunguza juu, au kuinua egemeo kwa kipande cha chuma ili chini kupate urefu. Tazama lakini upande wa pili wa mizani. Kama ncha ya chini ilitaka nguvu ya kilo 12, mwanzo mkono ulitoa kilo 2. Sasa utatoa kilo 2 na gramu 400. Mwendo umepungua, uzito umeongezeka, wala hakuna muuzaji awezaye kukupunguzia vyote viwili kwa wenzo huo huo. Ndani ya giaboksi hakuna kilichobadilika hata kidogo: vyuma vyasogea masafa yale yale, na gurudumu halizunguki upesi zaidi.

Basi faida yake ni nini? Ipo, na mzee hakuikana. Katika mashindano, dereva anayebadilisha gia mara nyingi hurudisha mkono kwenye usukani mapema. Wamarekani waliipenda tangu miaka ya 1960, na jina la Hurst lilitajwa na vijana wao kama vijana wetu wanavyotaja timu. Na kuna raha ya mkono yenyewe, ule mshiko mfupi wenye kujibu. Raha ya halali sina ugomvi nayo. Ninachokigomba ni kuinunua raha kwa bei ya dawa.

Mzee alitaka kwanza kuona ugonjwa. Akaliegesha gari mahali sawa, akazuia magurudumu kwa mawe, akaliweka fri. Akafungua kirungu kwa kukizungusha, akatoa skurubu za kisanduku cha katikati, kisha ngozi ya juu, kisha mpira mzito uliofungwa kwa bolti sakafuni. Hapo tukakiona kifuniko cha mkono. Katika Toyota nyingi za zama zile kifuniko hicho hakitaki nguvu: hukigandamiza chini, ukakizungusha kinyume cha saa, na mkono mzima ukatoka na springi yake. Kabla hata hajautazama, akafunika tundu kwa kitambaa safi. "Upepo huu wa Mombasa una mchanga," alisema, "na mchanga ukiingia humo hautoki kwa dua."

Kwenye ncha ya chini ya mkono huvaa bushi ndogo ya plastiki. Ya gari hili ilikuwa imekuwa ya manjano, nusu yake imesagika na vipande vimeanguka ndani. Mzee akavitoa kimoja kimoja kwa koleo jembamba. Kuyumba kote kulikomnyima kijana usingizi kulikuwa hapo, katika kitu kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Bushi mpya pamoja na grisi haikufika hata sehemu ya kumi ya fedha alizokuwa ameziweka. Alipourudisha mkono ule ule wa zamani, ukasimama imara.

Walakini gia ya 2 iliendelea kusaga. Hapa ndipo pana hatari. Ndani ya giaboksi, baina ya gia na gia, kuna pete za shaba ambazo kazi yake ni kuilinganisha kasi ya vyuma viwili kabla havijaumana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye ufundi huo mwaka 1928, kazi ya mhandisi Earl Thompson. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili, akalisikiliza gari kwa sikio. Pete inataka muda, hata kama ni kufumba na kufumbua. Ikiisha, chuma hugonga chuma, na sauti yake ndiyo ile ya kusaga. Mtu akitia mkono mfupi juu ya pete iliyokwisha, ataharakisha pale panapotaka subira, na ataongeza nguvu pale palipo dhaifu. Atamaliza pete, kisha meno ya gia yenyewe. Mpwa wangu alikuwa amebakisha wiki mbili kufika huko.

Giaboksi ikateremshwa. Kazi hiyo sitaieleza, maana ni ya siku nzima na makala haya si chuo cha ufundi. Pete za gia ya 2 na ya 3 zikabadilishwa, oili ikatiwa mpya ya daraja lililoagizwa na kiwanda, na gia zikaingia. Wakati wa kungojea vifaa, mzee alimkalisha kijana katika gari jingine akamfundisha ile klachi ya mara mbili. Nilimwona akitoka jasho na kucheka.

Baada ya hayo yote kijana bado aliutaka mkono wake mfupi, na sasa mzee hakumkatalia. Alimkataza jambo moja: kuukata wa zamani kwa msumeno na kuulehemu. "Chuma hiki kinapindwa kila siku mara mia. Ukikilehemu vibaya kitakatika, na kitakatika siku unayokihitaji." Wakanunua uliotengenezwa kwa giaboksi ya namna ile ile. Kuutia hakukuchukua hata saa moja, kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kujulikana.

Kujaribu ndiko kulikochukua muda, na hapa namwomba kila mwenye gari la namna hii asome polepole. Injini ikiwa imezimwa, mzee aliingiza kila gia, na kila ilipoingia aliusukuma mkono kidogo zaidi. Ni lazima gia ijae kabla mkono haujagonga ukingo wa sakafu au wa mpira. Mkono ukigonga kwanza, gia itakuwa imeingia nusu, na gia iliyoingia nusu hujitoa yenyewe inapotiwa uzito. Hebu fikiri gari lililojaa nguo, linateremka Mazeras kurudi Mombasa, gia inaruka na kuwa fri, na lori liko mbele. Injini haizuii tena. Zimebaki breki peke yake, nazo zimekwisha kupata moto. Mzee aliutoa mkono mara 2 akapiga tupa ukingo uliokuwa ukiguswa na gia ya 4.

Alijaribu pia mwendo wa upande kwa upande, kwa sababu mkono mfupi huzileta njia za gia karibu. Dereva anayetoka gia ya 3 akitaka ya 4, akaangukia ya 2, huilazimisha injini kuzunguka kuliko inavyoweza, na bei ya kosa hilo hulipwa kwa vali na pistoni. Mwisho alihakikisha rivasi haiingii kwa bahati mbaya, ndipo akaurudisha ule mpira mzito. Wako wanaouacha nje kwa uvivu. Mpira huo ndio unaozuia joto, kelele na moshi wa chini usiingie kwa abiria.

Gari likatoka, na kijana akasema kweli juu ya halua. Mimi mwenyewe niliujaribu mpaka Makupa na kurudi: ni mzuri, mfupi, wenye mngurumo kidogo mkononi, kwa kuwa mikono mingi ya kiwandani huwa na raba katikati ya shina ya kumeza mtetemo na huu hauna.

Siku ya tatu mamake akalichukua gari kwenda Kongowea. Ana baridi yabisi katika kifundo cha mkono tangu miaka kadhaa. Aliporudi hakusema neno kwa mwanawe, alinipigia simu mimi. "Kaka, gari hili nimefanyiwa nini? Kila gia naisukuma kama mlango uliovimba mvua." Nikamweleza habari za kilo 2 na gramu 400. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema zile gramu 400 zote ziko kwenye kifundo chake.

Kwa kuwa kifuniko hutoka kwa kugandamizwa na kuzungushwa, kijana hakuwa na udhuru. Mkono wa zamani, ukiwa na bushi yake mpya, umerudi mahali pake. Ule mfupi umefungwa katika gunia safi ndani ya buti, na Ijumaa jioni, mamake anapomaliza shughuli za wiki, yeye huutia, na Jumapili usiku huutoa. Sasa huifanya kazi hiyo kwa dakika ishirini, na kitambaa cha kufunikia tundu hukifua mwenyewe.