Mbacha wa Mjomba na Daftari la Kuzikana

Wahenga wetu walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Tangu utotoni nimelisikia neno hilo likitajwa barazani, na sikuwahi kulitilia shaka mpaka mwishoni mwa mwaka 2025, nilipokwenda Kitui kumwona mjomba wangu. Nimerudi Mombasa nikiwa ningali naliamini, lakini nimeliongezea swali moja dogo: mbacha ukiwa umetoboka, na wanaoukalia si wewe peke yako, itakuwaje?

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akahamia Kitui kwa biashara miaka mingi iliyopita. Asishangae msomaji, kwani njia baina ya pwani na Ukambani ni ya zamani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremsha pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa kabla reli haijawazwa, na Waswahili nao wakapanda huko wakafanya maskani. Leo adhana husikika Kitui mjini kama isikikavyo kwetu. Mjomba huyo ni mweka hazina wa chama cha kuzikana. Nyumba 140 hutoa shilingi 200 kila mwezi, na siku ya msiba chama hununua sanda, hulipa gari na kumpa mfiwa fungu lake.

Jioni moja alinipigia simu. "Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "mashine imenifedhehesha. Njoo."

Mimi ni karani wa shule, na hizi kompyuta nimezizoea kwa kazi. Nikapanda basi la asubuhi, nikashuka Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, ambako siku hizi barabara ya lami huchepuka kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Nikingoja matatu ijae, niliingia katika saiba moja nichapishe karatasi zangu. Kijana mwenye duka alikuwa na kompyuta nne. Kila alipowasha moja, tangazo lilitokea kwenye kioo kueleza kwamba Windows 10 haina tena msaada wa waliyoitengeneza. Yeye alilifunga kama mtu afukuzaye nzi.

Nilimwuliza kama anajua maana ya tangazo hilo. Akacheka. "Najua, mzee. Lakini mashine zinafanya kazi. Nitamfukuzaje mfanyakazi ambaye hajakosea?"

Sikuwa na jibu, na kwa hakika maneno yake yana uzito. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na kampuni ya Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyoifuata haikubali kila mashine. Inataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na bongo za kompyuta za miaka ya karibuni, aghalabu zile zilizoanza kutoka mwaka 2017 na 2018. Kompyuta nzima, isiyo na kasoro, hukataliwa mlangoni kwa sababu ya umri wake. Na kompyuta nyingi katika miji yetu midogo zilikuja tayari zimetumika kwingine. Kijana wa Kibwezi angetakiwa kununua nne mpya, naye huchapisha ukurasa mmoja kwa shilingi 10.

Ajabu ni kwamba katika kaunti hiyo hiyo ya Makueni, kule Malili, ndiko serikali inakojenga mji wa teknolojia wa Konza, katika ardhi ya ekari 5,000. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013. Mji wa kesho na kompyuta ya jana viko katika barabara moja ya Mombasa na Nairobi.

Nilifika Kitui magharibi. Baada ya swala na chakula, mjomba alinionyesha mashine yake. Ilikuwa ya Windows 7, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020. Mapema mwaka 2023 hata kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake. Ndani yake mlikuwa na programu ya hesabu aliyoinunua katika sidii mwaka 2014, na waliyoiunda wamekwisha funga ofisi, hakuna wa kumpigia simu. Programu hiyo haikubali kuingia katika mashine mpya. Kwa hiyo kumbukumbu za chama za miaka kumi na moja zilikuwa zinafunguka katika chumba kimoja tu duniani, nacho ni kile cha nyuma ya duka la mjomba, karibu na soko la Kalundu.

Mjomba si mzembe. Kila mwezi alikuwa akichapisha orodha na kuitia katika faili. Lakini wino wa printa ulikwisha baada ya Ramadhani, mwezi wa Machi, naye akawa anasema atanunua wiki ijayo. Mwezi wa Novemba akachukua flashi, akaenda kuchapisha saiba. Aliporudi na kuichomeka tena, faili zote zikageuka vishale vidogo visivyofunguka. Virusi vilikuwa vimepanda pamoja na flashi. Faili nyingi nilizikuta zimefichwa tu, nikazirudisha kwa muda wa saa moja. Lakini lile daftari lenyewe, ambalo mjomba aliendelea kuliandikia siku mbili bila kujua, lilikuwa limeharibika. Michango ya tangu Aprili haikuwamo.

Hapa ndipo nilipoifahamu fedheha yake. Juma lililotangulia, mwanachama mmoja alifariki dunia. Kanuni ya chama ni kwamba nyumba yenye deni la miezi mitatu hupewa nusu ya fungu. Je, marehemu alikuwa amelipa? Waliolipa kwa M-Pesa walionekana katika simu ya mjomba. Marehemu alikuwa mtu wa kulipa mkononi, baada ya swala ya Ijumaa. Mjane alisema mumewe hakukosa hata mwezi mmoja. Mjomba hakukumbuka, na wengine walianza kunong'ona, baadhi wakimshuku mjane, baadhi wakimshuku mweka hazina.

Usiku ule kamati ilikutana baada ya Isha, nami nikaruhusiwa kuketi pembeni. Mmoja alisema kanuni ni kanuni, pasipo ushahidi mjane apewe nusu. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Daftari limepotea mikononi mwangu, si mikononi mwake. Mashine niliichagua mimi. Mpeni fungu zima, na nusu inayobishaniwa nitaitoa mimi." Wakabishana kidogo kwa ajili ya heshima yake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiri maneno yale. Watu husema kwamba programu ya zamani ikiachwa na waundaji wake itakufa. La hasha. Itaendelea kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo inapohadaa. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa mfano wa jahazi. Jahazi jipya na jahazi kuukuu yote hupitisha maji katika maungio ya mbao. Tofauti ni fundi wa kukalafati, anayeziba nyufa kwa pamba na mafuta kila chombo kinapopwelewa. Akiondoka fundi huyo, chombo hakizami siku ile, huenda kikafanya safari kumi. Lakini kila ufa mpya utakaotokea, hakuna wa kuuziba. Na wezi wa mitandao, tofauti na maji ya bahari, huzitafuta nyufa hizo kwa makusudi, maana wanajua hazitazibwa.

Mfano mkubwa ulionekana tarehe 12 Mei 2017. Programu ovu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikifunga faili za watu na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakukitia. Wenye Windows XP, iliyoachwa tangu 8 Aprili 2014, walipata kiraka cha dharura baada ya moto kuwaka. Basi tukio lile lina mafunzo mawili. Aliyeachwa na fundi yuko hatarini, na mwenye fundi asiyemfungulia mlango yuko hatarini vile vile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Simlaumu mjomba kwa kushika mbacha wake. Kampuni haiwezi kuhudumia chombo kimoja milele, lakini pia si haki kumwambia mtu wa Kitui atupe mashine nzima kwa sababu ya tarehe iliyopangwa Marekani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na takataka za kompyuta nazo zina sumu yake. Tatizo ni amana. Mtu akiandika mashairi yake katika mashine ya mwaka 2009, hasara ikitokea ni yake. Lakini katika saiba ya Kibwezi hupita vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na nambari za siri za watu wasiojua hata jina la programu inayotumika. Katika mashine ya mjomba ilikuwamo heshima ya mjane. Hao hawakuuchagua mbacha, walikalishwa tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kushika habari za watu azilinde, na dini yetu ilitufundisha mapema kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa salama.

Basi tulifanya nini? Mashine kuukuu hatukuitupa, kwa kuwa ndiyo pekee inayofungua hesabu za zamani. Tuliing'oa katika mtandao, tukakataza flashi ya mtu yeyote kuingia humo, tukanunua wino na kuchapisha miaka yote kuanzia 2014. Kwa hesabu mpya tulitwaa kompyuta ya mkononi ya binamu yangu, iliyokataliwa na Windows 11, tukaitia Linux na LibreOffice, ambazo hutolewa bure na zingali zikitiwa viraka. Jamii hiyo ya programu si ngeni kwetu; mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili. Kila Ijumaa nakala huwekwa katika flashi mbili, moja kwa mjomba na moja kwa imamu. Na juu ya yote hayo, likanunuliwa daftari la kaunta. Anayelipa mkononi hutia sahihi humo papo hapo.

Nikirudi nilipitia tena kwa yule kijana wa Kibwezi, nikamsimulia. Nilimweleza pia kwamba Microsoft imetoa muda wa nyongeza wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwa akaunti ya kampuni hiyo. Alisikiliza kwa makini, hasa habari za mjane. Kisha akanyamaza, akaitazama foleni ya watu walioshika vitambulisho vyao mkononi. "Mbili nitaziandikisha leo," akasema, "na hizi mbili zitabaki za kuchapa tu, bila mtandao, mpaka nipate pesa."

Ndugu msomaji, mbacha wako usiuache. Lakini kabla hujamkaribisha mgeni aukalie, ukunjue kwanza, uutazame mchana kweupe, uone umetoboka wapi.